Karatasi ya Karanga

Zaituni alimaliza karanga zake, akaikunjua karatasi. Ilikuwa imechanwa kwenye kamusi ya Kiingereza. Neno moja tu, run, lilijaza ukurasa mzima: kukimbia, kutiririka, kuendesha duka, kugombea uongozi. Maana ya ishirini na tatu ilikatikia njiani.

Akarudi kwa muuza karanga. "Mama, naomba ukurasa unaofuata."

"Huo nimemfungia karanga yule mzee pale kwenye benchi. Wewe si unafagia tu shuleni? Kiingereza cha nini?"

"Novemba nafanya mtihani pamoja na wanafunzi."

Mzee alikuwa akila punje mojamoja, hana haraka hata kidogo. Zaituni akaweka ufagio chini, akamwamkia, akaketi kando yake.

"Karibu," mzee akasema, akimsogezea karatasi.

Zaituni akachota kiganja kizima.