Radi Anafundisha Kusoma

Msichana aliposoma "kuku" akasema "kaka" kwa mara ya saba, mzee aliinuka, akaenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili na kuvuta pumzi kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi.

"Kaka," msichana alirudia nyuma yake, taratibu, kana kwamba mzee hakusikia vizuri.

Mtaani walimwita Radi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpima ardhi, kazi ya kusimama upande huu wa bonde na kumpigia kelele mshika fimbo aliye upande wa pili: kulia, kulia zaidi, nimesema kulia! Alipostaafu alirudi nyumbani na sauti ile ile. Na kwa sauti ile ile alimsaidia mjukuu wake hesabu za kutoa. Mtoto alijikojolea pale pale kitini. Tangu siku hiyo binti yake hakumleta tena Jumamosi. Kila akipigiwa simu, mtoto ana mafua.

Mafua ya wiki tano. Mkewe ndiye aliyeona tangazo la shule iliyotafuta watu wa kujitolea siku moja. "Nenda ukajifunze kuongea na watoto," alimwambia. "Wakikufukuza, angalau tutajua."

Ilikuwa shule ya watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Kuta za mabati, vitabu vilivyoshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu, madawati ya wawili yanayokaliwa na wanne. Radi alikuwa amejiandaa kwa darasa zima. Hata tai alivaa. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole asiyekuwa na haraka, alimpeleka stoo na kumwonyesha meza moja na viti viwili.

"Na darasa langu?"

"Linakuja." Akatuma mtu chumba cha mwisho, akaletwa msichana mwembamba, sweta lake limemzidi mikono. "Huyu utakuwa naye mpaka saa tisa. Anza naye mwanzo kabisa, mzee wangu."

"Shikamoo," alisema msichana.

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Miaka kumi na miwili, na bado hata herufi! Radi akavua koti. Kufikia mapumziko walikuwa wamemaliza a, e, i, o, u, na "o" ilikuwa imepotea mara mbili.

Sasa, pale dirishani, alihesabu mpaka ishirini, akarudi kukaa.

"Tena," alisema.

"Ka…ka."

"KUKU!"

Chaki zilicheza ndani ya kopo. Darasa la jirani lilinyamaza kimya.

Msichana hakulia. Aliweka mikono mapajani akamtazama. Asubuhi nzima alikuwa akimtazama hivyo, usoni, kuliko alivyotazama kitabu.

"Nikikosea tena utafanya hivyo?" aliuliza.

Radi alimwona akilini mjukuu wake, penseli mkononi, soksi zimelowa.

"Sijui," alisema mwishowe. "Najaribu nisifanye."

"Basi tujaribu wote."

Baada ya hapo mzee alinong'ona. Sauti ilimkwaruza koo kwa kukosa mazoezi. Neno lilipokataa kabisa, Radi, mtu ambaye hajawahi kuchekesha watu kwa makusudi, alikunja mikono kama mabawa, akachuchumaa kando ya meza na tai yake, akatembea kidogo: "Ku… ku… ku… ku…"

"Kuku!" alipiga kelele msichana.

Hapo Radi alishindwa kusimama haraka, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu nyingine pia.

Mchana walisoma kisa cha kuku aliyegoma kushuka kwenye paa. Walienda silabi kwa silabi, kidole chini ya mstari. Kabla hawajafunua ukurasa ambao kuku anaangukia ndoo ya maji, msichana alishaanza kucheka, na Radi akacheka naye kwa kuwa kicheko chake kilikuwa kitamu. Saa tisa kasoro dakika tano msichana alisoma, bila kusaidiwa: "Kuku wetu amelala juu ya paa."

Radi alifuta macho, akalalamikia vumbi la chaki.

"Nirudi wiki ijayo?" alimuuliza mwalimu mkuu mlangoni.

"Tutakujulisha, mzee."

Nje ya geti hakusubiri hata kufika kituoni. Alimpigia binti yake.

"Nimemfundisha mtoto kusoma," alisema. "Siku moja tu. Bila kelele."

"Bila kelele kabisa, baba?"

"Moja. Ndogo."

"Mbona unaongea polepole hivyo? Unaumwa?"

"Mlete mtoto Jumamosi, mwanangu. Mafua yake tutayatibu huku huku."

Alimsikia akicheka, kisha akipenga kamasi. "Tutakuja. Ila na mimi nitakaa hapo hapo mezani."

"Kaa. Utajifunza kitu."

Mwalimu mkuu aliangalia mpaka yule mzee akakata kona, tai begani, akitembea kama aliyeshinda uchaguzi. Ndipo akaingia stoo na daftari kubwa jeusi, akalifungua mbele ya msichana.

"Haya. Vipi huyu?"

Msichana alikunja mikono ya sweta, akachukua kalamu, na chini ya majina mengine kumi na moja ya waliokuja kujitolea kabla yake akaandika haraka, kwa mwandiko wa kuunganisha herufi: "Sauti kubwa mno. Amekaripia mara moja, akajuta mwenyewe bila kuambiwa. Anaweza kupewa wale ambao kweli hawajui kusoma."