Masikio Yasiguswe

Daktari aliipima ile pua mara tatu, akarudia ya nne, na bado hakuona kasoro. Ilikuwa pua nyoofu, iliyokaa mahali pake kwa miaka sitini na sita bila kumsumbua mtu.

"Sasa unataka niifanye nini, mwalimu?"

"Ipanue," alisema mzee, mwalimu mkuu mstaafu, mgongo wima kama yuko mbele ya paredi. "Halafu ipinde kidogo kulia. Na hapa katikati uweke kinundu."

Mkewe, aliyekaa pembeni na pochi mapajani, aliguna.

Daktari alikuwa amepunguza pua, amenyoosha pua, na nyingine amezichonga mpaka zikawa kama ncha ya penseli, maana wenyewe walitaka hivyo. Kinundu hakuwahi kuagizwa. Akahisi hapa kuna mkono wa mtu. Mwaka uliopita alimpasua binti mmoja aliyesukumwa na mchumba wake abadilishe pua, na bandeji ilipofunguliwa yule binti alilia, wala si kwa furaha. Tangu siku hiyo daktari alijiapiza kwamba pua ya kusukumwa hagusi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Yeye mwenyewe hajui, na asijue kamwe."

"Yeye nani?"

"Mwanafunzi wangu wa zamani. Wa dawati la mwisho." Sauti ya mwalimu ilishuka. "Niliwahi kuchana mchoro wake mbele ya darasa zima. Nikamwambia hii si sura ya mtu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, daktari. Linaniuma mpaka leo."

Daktari hakuona mchoro na pua vinahusiana vipi, akaona bora amtishe kidogo. Akamweleza kwamba atapewa nusukaputi. Wiki nzima atakaa na plasta usoni, anahema kwa mdomo, na kulala atalala ameinua kichwa. Chini ya macho patavilia damu. Asipenge kamasi hata iwe nini, na miwani aisahau kwa wiki sita. Uvimbe wenyewe huweza kuchukua mwaka mzima kuisha, na wapo wanaorudi kisuni mara ya pili.

"Mwaka?" Mwalimu alishtuka. "Mimi nina miezi miwili tu! Siku hiyo watu mia tatu watakuwa wananikodolea macho."

"Uvimbe si ndio unaoutaka?" mkewe alidakia.

"Na ili niipanue lazima nipate gegedu," daktari aliendelea. "Nitakata kidogo nyuma ya sikio."

"Masikio yasiguswe!" Mzee nusura aruke kitini. "Masikio yametoka sawasawa kabisa."

"Yametoka wapi?"

Mwalimu alikohoa. "Chukua ubavuni. Chini ya mabega kata popote upendapo."

Daktari akaomba kuona picha ya pua anayoitaka. Mwalimu alimpa simu. Picha ilikuwa imepigwa karibu mno, inaonyesha pua peke yake, pana, imelalia kulia, inang'aa kama imepakwa mafuta.

"Huyu ni nani?"

"Mimi."

"Wewe wa zamani?"

"Wa miezi miwili ijayo."

Daktari alifunga faili. Alimwonea huruma mzee wa watu, lakini kiapo ni kiapo. "Mwalimu, nisamehe, hii kazi sifanyi. Wewe pua yako unaipenda, naona hata unavyoigusa. Huwezi kuja hapa kuiharibu kwa sababu ya mtu ambaye hata hajakuomba."

Mkewe uvumilivu ukamwisha. "Baba watoto, pua hiyo nimeishi nayo miaka thelathini na minane, naijua hata nikiwa nimefumba macho. Si umwambie tu huyo kijana wako aikate kidogo pua ile sanamu aliyokutengenezea?"

Kalamu ilimponyoka daktari mkononi.

Mwalimu alivua miwani, akapanda kitandani na kulala chali.

"Simwambii mara ya pili kwamba amekosea," alisema. "Halafu yangu ni pua tu, mama watoto. Ile ni chuma cha pua."