Picha ya Bi Saumu

Katika mji alikohamia Mwanakombo, mgeni hakuruhusiwa kuishi na jamaa yake mpaka mashine iitazame picha yao na kukubali kwamba wanafanana. Mwanakombo alikuwa mpiga picha, na wahamiaji wengi walipitia studio yake kwa ajili hiyo. Lakini siku alipofika Bi Saumu kutoka Tanga, aliogopa mashine itawakataa, kwa kuwa Bi Saumu alikuwa mama yake wa kumlea, si wa kumzaa.

Walisimama mbele ya kamera, wamenyooka kama askari. Mashine ikawakataa. Wakatabasamu, ikawakataa tena.

"Mwanangu, acha nirudi tu nyumbani," Bi Saumu alisema. "Uso huu ndio niliopewa."

"Hurudi, Mama. Keti kwanza unywe chai."

Bi Saumu akaonja, akakunja pua na kufumba jicho moja. "Chai gani hii, haina hata tangawizi?"

Mwanakombo akaonja yake. Naye akakunja pua, akafumba jicho lilelile. Wakatazamana, wakaangua kicheko, na Mwanakombo akaiwahi rimoti ya kamera, akapiga picha.

Safari hii mashine iliandika: mama na mwana. Bi Saumu alilia kwa furaha, na Mwanakombo akamkumbatia, kifua kikiwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Na kibali hiki cha kuishi pamoja kikiisha mwakani?" Bi Saumu aliuliza walipokuwa wakifunga studio.

"Tutapigwa picha nyingine, Mama."

"Basi huku ugenini usibadilike, mwanangu, mashine isije ikatukataa."

Mwanakombo alimshika mkono, wakavuka barabara.