Trei ya Kijani

Siku Demetria alipomkuta msaidizi wake, Mzee Gaspar, akichokonoa meno kwa kibanio cha maabara, alitoka nje akatapika kwenye michongoma. Tangu hapo, mwezi wa nane sasa, kila asubuhi alichemsha vifaa vyake vyote kwenye sanduku la chuma la umeme lenye mfuniko bapa. Kibanio, mikasi, vijiko, chochote ambacho mkono wa yule mzee ungeweza kukigusa.

Leo aliwahi zaidi kuliwasha, maana Bi Bahiya, mwenye kampuni ya mbegu, amekuja mwenyewe Mbweni.

"Shikamoo, Mzee," Demetria alisema akiwa mlangoni. Mkono hakutoa.

"Marahaba, Daktari," alijibu Gaspar, akapenga kamasi kwenye kitambaa. Kitambaa hichohicho ndicho alichofutia trei za miche.

Maabara yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kupanga, na nusu yake inanuka. Juu ya meza ya Gaspar kulikuwa na vichwa vya dagaa, kucha alizokata tangu Jumatatu, na kikombe ambacho ndani yake kulikuwa kumeota kitu chenye manyoya. Mtu huyu alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini. Barua ya kumfukuza ilikuwa kwenye mkoba wa Bi Bahiya, Demetria kaiandika kwa mkono wake, ilibaki sahihi tu.

"Haya, nieleze taratibu, mimi sikusoma hayo," alisema Bi Bahiya, akakaa ukingoni mwa kiti ili asiguse vitu vingi.

Demetria alieleza. Trei nyeupe ni nyanya ya zamani, trei ya kijani ni mbegu yao mpya. Zote zinaingizwa kwenye kabati la joto, nyuzi arobaini na tano, kwa muda wa saa mbili. Mara saba amepima, mara saba nyeupe imekufa na kijani imesimama. Kisha akaenda likizo wiki mbili, Gaspar akapima peke yake, na kijani nayo ikafa yote.

"Mche ukipigwa na joto kali ghafla, unaacha kutengeneza protini zake za kila siku," alisema. "Wenye bahati unahamia kwenye protini za kinga. Wa kawaida unachelewa, unakufa. Mbegu yetu haichelewi, Bi mkubwa, ndiyo sifa yake. Ndiyo maana trei hazitakiwi kuonja joto lolote kabla ya kabati. Ukishauonjesha mche joto dogo, unajiandaa mapema, na hata mbegu ya kawaida itapona. Tutakuwa tumejidanganya."

"Na hizi zilizokufa?"

"Uchafu. Mwangalie."

Bi Bahiya alimwangalia, akajuta. "Ulifanyaje, Gaspar?"

"Nilizitoa kivulini zote mbili, nikaziweka hapa mezani kwangu nikiandika vibao. Kama saa moja hivi. Halafu nikaziingiza."

"Vifaa ulichemsha?" aliuliza Demetria.

"Ile mashine sikuiwasha hata siku moja, Daktari. Mie sina cha kuchemsha."

"Astaghfirullah," alisema Bi Bahiya, akavuta mtandio hadi puani. Akamgeukia Demetria. "Hebu fanya inavyotakiwa, nione tofauti. Halafu tumalizane na huyu."

Demetria alileta trei mbili kutoka kivulini. Nyeupe aliiacha kwenye meza ya Gaspar, kando ya dagaa, kwa kuwa ile ni mbegu ya zamani na haimuumi. Ya kijani asingethubutu. Aliiweka pale anapoiweka siku zote, mahali pekee pasafi katika chumba kile, juu ya mfuniko wa sanduku lake, juu ya taulo jeupe lililokunjwa. Panatosha trei moja tu. Akanawa mikono hadi viwiko, akakaa kuandika vibao, mche mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Chini ya trei maji yaliendelea kuchemka.

Gaspar alisimama pembeni akivuta kamasi. Saa nzima ilipita hivyo. Bi Bahiya alipotoa barua na kufungua kalamu, ndipo alipokohoa.

"Daktari, naomba kipimajoto."

Demetria alimpa kwa ncha za vidole viwili, akijiambia kwamba hicho nacho lazima kichemshwe. Gaspar alikwenda moja kwa moja kwenye trei ya kijani. Kwa ukucha wake mrefu, mweusi, alichimba katikati ya miche, akakichomeka kwenye udongo. Demetria alifumba macho.

"Mwambie atoe mkono wake mchafu humo," alisema.

Bi Bahiya alikuwa tayari amevaa miwani na kuinama. "Thelathini na nane," alisoma.

Gaspar alikichomoa, akakipangusa kwenye suruali, akakichomeka kwenye trei nyeupe, kando ya dagaa. Bi Bahiya alisoma tena, polepole. "Ishirini na nane."

Kalamu ilifungwa. Gaspar alikirudisha kipimajoto kwa mwenyewe, kikiwa na udongo na uchafu wa suruali yake, na Demetria alikipokea kwa mikono miwili.