Miaka ya Angani ya Kapteni Mwaisumo

Majirani, mliliona gari jeupe mlangoni kwa Kapteni Mwaisumo, mkavuta mapazia. Msikatae!

Sheria mnaijua. Rubani akishindwa kipimo cha daktari, kumbukumbu za kila mwaka aliorusha ndege hutolewa kichwani mwake, zikapewa mtambo unaorusha ndege badala yake. Makarani wanakuja na gari hilo kila Ijumaa, wanaanza na mwaka wa mwisho, wanarudi nyuma.

Ijumaa iliyopita, mzee aliizunguka meza ya chai akiigusagusa, kama alivyozoea kuikagua ndege.

"Inaruka leo, Kapteni?" mkewe, Tusekile, akamtania.

"Matairi mazima. Panda, mama!"

Karani alipoingia na kofia yake ya nyaya, kicheko kilikatika.

"Mwanangu, mwaka huu niachie," mzee akaomba. "Ndio niliomchukua huyu kutoka Makete, akiwa mgonjwa mahututi, nikapenya mawingu naye. Kisha nikamwoa."

"Mwaka haukatwi vipande, mzee."

Karani akamvisha kofia; alipomvua, mzee alimtazama Tusekile kwa adabu.

"Karibu, dada. Umemfuata nani?"

"Nimekufuata wewe."

"Mimi?" Akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Imebaki miaka sita ya angani. Ijumaa ni kesho. Tokeni nje, mkalale mbele ya lile gari!