Shuka la Mikono

Siku ya mwisho ya kambi ya likizo, kila mtoto alichovya kiganja cha kulia kwenye rangi ya bluu, akakigandamiza kwenye shuka jeupe, kisha akaenda kupanguswa na binti wa zamu, mwenye ndoo na kitambaa.

"Na wewe, Mwalimu!"

Kila mwaka mwalimu wa sanaa alikwepa kwa utani. Kidole chake cha mwisho kilikatwa na lango la shule akiwa na miaka saba. "Mkono wangu haujatimia, wanangu, utawaharibia shuka."

Leo hawakumwachia. Akasalimu amri, akabandika kiganja, akakiinua.

Kwenye shuka, vidole vitano. Vinne vyake, na cha tano chembamba, kifupi, cha mtoto.

Watoto wakapiga makofi, hakuna aliyeshtuka. Mwalimu akajichekesha, akamnyooshea binti mkono haraka haraka.

Binti akapangusa kidole kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti kama alivyowafanyia wenzake. Alipofika nne, Mwalimu akataka kuuvuta mkono.

"Tulia basi, Mwalimu," alisema binti, kitambaa kikizunguka pale pasipo na kitu, na Mwalimu akausikia ubaridi wa maji. "Hiki bado."