Kiatu cha Kwenye Dohani

Fundi Mbaruku alichomoa tofali la saba kwenye dohani ya ile nyumba kuukuu ya Wazungu wa shamba, akahisi kitu laini nyuma yake. Akaingiza mkono. Kikatoka kiatu cha mtoto, kimoja tu, cha ngozi nyeusi, kifungo chake cha shaba bado kinang'aa.

Bi Zamda, msanifu aliyesimamia ukarabati, akapiga makofi. "Una bahati, fundi! Hii ilikuwa mila ya kwao. Bwana mwenye nyumba alificha kiatu cha mwanawe karibu na moto, ili shari isiteremke na dohani. Na hakumwambia mtu. Akisema tu, kinga imevunjika."

"Hakumwambia mtu?"

"Hata mkewe."

Mbaruku akaketi juu ya kifusi. Mama yake alikuwa yaya katika nyumba hii. Siku kiatu kilipopotea alichapwa uani, watumishi wote wakitazama, na bwana mwenyewe ndiye aliyeshika kiboko. Hakutembea wima tena. Hadi anakata roho alikuwa akiuliza swali lile lile: "Kiatu kimoja, mwanangu, nikiibe nimvike nani?"

"Tukirudishe mahali pake," Bi Zamda akasema. "Nyumba inatakiwa ibaki kama walivyoiacha."

Mbaruku alikilaza kiatu kiganjani, kikaenea. Tundu lilikuwa wazi mbele yake, na kwenye mwiko chokaa ilikuwa imeanza kukauka.